Mtoto kutoka vipele baada ya kula kolekole, si lazima awe na mzio

CHAKULA cha jioni kimepakuliwa: ugali, mchicha wa nazi na kolekole wa kukaanga aliyenunuliwa sokoni mchana. Kabla sahani hazijaondolewa, mtoto wa miaka mitano anaanza kujikuna shingo. Uso wake ni wa moto, macho yamekuwa mekundu, na kifuani yametoka mabaka yaliyoinuka. Analalamika kwamba midomo inamchoma kama amekula pilipili, na mama anajua hakutia pilipili. Dakika chache baadaye anatapika. Asubuhi ameamka mzima, anadai chai.

Katika nyumba nyingi hukumu hutolewa siku hiyo hiyo: huyu ana aleji ya samaki. Bibi anapigiwa simu, dada wa kazi anaonywa, mwalimu anaandikiwa barua. Miaka inapita, mtoto anakua bila kuonja samaki, na hakuna aliyempeleka kupimwa.

Inawezekana hukumu hiyo ni sahihi. Mzio wa samaki upo, na unaweza kuua. Lakini kwa samaki wa jamii ya kolekole, vibua na jodari kuna maelezo mengine ambayo wazazi wengi hawajawahi kuyasikia: kwamba mwili wa mtoto hauna ugomvi wowote na samaki, ila samaki yule alikaa kwenye joto muda mrefu kabla ya kufika jikoni, na nyama yake ikatengeneza sumu iitwayo histamini. Dalili zake hufanana na za mzio kiasi kwamba hata kwenye vituo vya afya huchanganywa.

Kwa changu au sato tatizo hili ni nadra. Kwa kolekole na vibua ni jambo la kutazamiwa pale barafu inapokosekana. Sababu iko kwenye mwili wa samaki mwenyewe, kwa hiyo ni vizuri kuanza na yeye.

Kolekole ni ukoo, si samaki mmoja

Muuzaji akisema "kolekole" anataja ukoo mzima. Wanasayansi wanauita Carangidae, na una aina karibu 150 katika bahari za joto na za wastani duniani kote. Wapo wadogo wa kuenea kiganjani, na yupo Caranx ignobilis, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Hawaii, ambaye anaweza kufikia urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 80, yaani uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Jina hilo alipewa na Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe aliyekusanya samaki wa Bahari ya Shamu akiwa kwenye msafara uliotumwa na Denmark. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Ignobilis kwa Kilatini ni "asiye na hadhi". Mvuvi aliyewahi kuvutana na samaki huyu kwa mshipi hatakubaliana na hilo, wala walioona filamu ya BBC ya mwaka 2017 iliyomwonyesha akiruka juu ya maji huko Shelisheli na kumdaka ndege anayeruka.

Kumtambua sokoni si kazi ngumu. Tazama ubavu wake. Kuna mstari unaoanzia nyuma ya kichwa kuelekea mkiani, na ukikaribia mkia mstari huo hugeuka kuwa safu ya magamba magumu yenye ncha, kama msumeno mdogo. Pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani nawe utausikia. Kisha mgeuze: nyuma kidogo ya njia yake ya haja kuna miiba miwili mifupi iliyojitenga, kabla pezi la chini halijaanza. Shina la mkia ni jembamba sana, na mkia wenyewe una panda mbili. Wapo wachache katika ukoo huu wasio na msumeno, lakini kolekole wengi wanaofika mezani wanao.

Mkanganyiko mkubwa uko kwa vibua. Jina hili moja hubeba samaki wa koo mbili tofauti. Kuna kibua wa ukoo wa jodari na nguru: huyu hana msumeno ubavuni, na kati ya mapezi yake na mkia ana vipezi vidogo vilivyopangana, vitano au zaidi juu na vingine chini. Kuna na kibua wa ukoo wa kolekole: mwili wake ni wa mviringo mrefu, msumeno anao, na wale wa jenasi Decapterus wana kipezi kimoja tu juu na kimoja chini. Ndugu yao mwingine, Selar, hutambulika kwa macho makubwa yanayomsaidia kutafuta chakula usiku. Halafu yupo yule wa barafu anayeletwa kwa makontena, wa jenasi Trachurus, ambaye msumeno wake huenda ubavu mzima kuanzia nyuma ya kichwa. Huyo huvuliwa kwa wingi Namibia, na Kongo watu humwita Thomson.

Uchunguzi wa vinasaba umeongeza jambo. Songoro na fulusi, ambao kwa miaka mingi waliwekwa kwenye koo zao peke yao, wameonekana kuwa ndugu wa karibu sana wa kolekole. Hata yule samaki mwenye kibandiko kichwani anayejigandisha kwenye papa yumo kwenye udugu huo. Wataalamu bado wanapanga upya majina. Mwaka 2022 aina kadhaa za kolekole zilihamishiwa kwenye jenasi mpya.

Mzazi anaweza kuuliza majina haya yanamsaidia nini. Yanasaidia kwa sababu vitabu vya tiba huita sumu ya histamini kwa jina lililotokana na ukoo wa jodari na vibua, skombroidi. Mtu akisoma hapo anaweza kudhani kolekole hahusiki, au fulusi, au yule wa kontena. Wote wanahusika. Wanachoshiriki ni namna ya kuishi kuliko jina la ukoo.

Mwili wa mkimbiaji

Chewa hujificha kwenye jabali na kusubiri. Kolekole hasubiri. Huogelea mchana na usiku, huwafukuza dagaa, huingia na kutoka kwenye miamba pamoja na kundi lake. Mkia wa panda na shina jembamba ni mtambo wa mbio, na yale magamba ya msumeno huimarisha sehemu inayofanya kazi kubwa zaidi. Ukimkata utaona chini ya ngozi ya ubavu ukanda wa nyama nyekundu iliyokolea. Huo ni msuli wa safari ndefu, wenye damu nyingi na mafuta.

Samaki wa aina hii akikimbia kwa nguvu, misuli yake hutengeneza asidi, kama miguu ya mtoto anayeshindana mbio shuleni. Ili asidi hiyo isimlemaze, nyama yake huhifadhi kwa wingi kiungo cha protini kiitwacho histidini, ambacho huinyonya asidi. Akiwa hai, histidini ni msaada. Sisi pia tunaihitaji, na mtoto anayekua huipata kwenye chakula.

Shida huanza akishakufa. Kwenye matamvua na matumbo ya samaki wanaishi bakteria ambao hawamdhuru akiwa hai. Akifa na kuachwa kwenye joto, huenea kwenye nyama, na baadhi yao wana uwezo wa kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wa mtu mwenye mzio huimwaga wenyewe, na ndiyo sababu ngozi huwasha, uso huwaka na moyo hupiga haraka. Tofauti ni kwamba hapa mtoto ameila ikiwa tayari imetengenezwa, kwenye kipande cha samaki.

Joto la pwani yetu linawapendeza sana bakteria hao. Kwenye nyuzi joto 4 kushuka chini kasi yao hupungua mno. Kwenye nyuzi 30 na kuzidi, saa chache zinatosha kuharibu samaki. Sasa hesabu safari ya kibua mmoja. Amevuliwa usiku kwa taa, labda saa nane. Mashua imefika alfajiri. Mnada Feri au ufukweni umefanyika asubuhi, mchuuzi amembeba kwenye ndoo nyuma ya pikipiki, amekaa mezani mtaani hadi saa tisa alasiri mzazi anapopita kutoka kazini. Kama barafu ilikuwepo tangu chomboni, ni sawa. Kama haikuwepo, hata akimwagiwa maji baridi kila nusu saa ili ang'ae, kazi imeshafanyika ndani.

Na hapa kuna jambo ambalo jiko haliwezi kulirekebisha. Histamini haiungui. Kumkaanga samaki hadi akauke, kumchemsha, kumtia ndimu na chumvi, kumbanika, kumgandisha kwenye friza, hakuna kinachoiondoa. Moto utaua bakteria, lakini walichokitengeneza kinabaki. Kumkausha pia hakusaidii: ng'onda aliyepasuliwa na kuanikwa akiwa ameshaanza kuharibika ataibeba histamini yake hadi kwenye mchuzi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka isizidi miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki, na wauzaji wa nje hupimiwa hivyo. Kwenye meza ya mtaani hakuna kipimo.

Pua nayo si mlinzi wa kutegemewa. Samaki mwenye histamini nyingi anaweza asinuke. Dokezo moja ambalo wengi waliougua hulikumbuka ni ile ladha ya ukali, ya kuchoma ulimi kama pilipili. Mtoto akisema samaki anawasha mdomoni, msimlazimishe kumaliza kipande kwa kuwa eti anadeka. Atemeni wote, na sahani iondolewe.

Mzio au sumu

Dalili za histamini huanza mapema, dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula. Uso na shingo huwaka moto. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani vizuri. Mguse, utausikia ule moto, na utazame macho na viganja. Kichwa huuma, moyo hupiga mbio, vipele hutoka, tumbo husokota, wengine hutapika au kuharisha. Kwa wengi hali hutulia ndani ya saa chache na huisha ndani ya siku moja.

Mzio halisi una tabia nyingine. Humpata mtu mmoja mezani, na humrudia kila anapokula samaki, hata awe ametoka baharini saa hiyo hiyo. Protini inayousababisha iko kwa samaki wengi wenye mifupa, kwa hiyo mwenye mzio wa kolekole mara nyingi hudhurika pia kwa changu, sato au sangara. Historia hii ndiyo silaha kubwa ya mzazi. Je, mtoto alishakula samaki mara kumi kabla bila neno? Je, wiki iliyofuata alikula sato akawa salama? Je, baba naye usiku ule alilalamika kichwa? Majibu ya ndiyo yanaelekeza kwenye sumu ya histamini zaidi kuliko mzio.

Yanaelekeza tu, hayathibitishi. Histamini haienei sawasawa ndani ya samaki. Kipande cha tumbo kinaweza kuwa nayo nyingi na cha mkiani kidogo, kwa hiyo inawezekana akaugua mtoto mmoja kati ya watatu waliokula samaki yule yule. Ndiyo maana haifai mzazi kujaribu nyumbani kwa kumwonjesha tena "tuone". Kama mtoto alivimba midomo au ulimi, alibanwa kifua, alikohoa kwa mluzi au alizimia, huyo apelekwe hospitali usiku huo huo bila kusubiri, na asipewe samaki tena mpaka apimwe. Hospitali kubwa zina vipimo vya mzio vya damu au vya ngozi, na daktari ndiye wa kuamua kama mtoto aonjeshwe tena, wapi na vipi.

Kwa dalili nyepesi pia ni busara kufika zahanati. Matibabu ya kawaida ni dawa ya kuzuia histamini, ile jamii ya setirizini na piritoni, lakini kipimo cha mtoto kinategemea umri na uzito wake, na kumkatia mtoto mdogo kidonge cha mtu mzima ni hatari kwa sababu humlaza usingizi mzito. Muuguzi aambiwe mambo haya: samaki wa aina gani, alinunuliwa saa ngapi, alikaa wapi, nani mwingine alikula na dalili zilianza baada ya muda gani. Kipande kilichobaki kifungwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye barafu. Maelezo hayo yakikosekana, mhudumu anaona vipele tu, na kwenye daftari la kliniki anaandika "mzio wa samaki". Maandishi hayo ni mepesi kuingia na magumu kufutika.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gramu 100 za nyama ya kolekole hutoa protini karibu gramu 20, pamoja na vitamini B12, madini ya seleni na mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo na macho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, iwe nyama, samaki au yai. Kwa familia ya kipato cha kawaida Tanga, Kilwa au Mombasa, ukitoa samaki kwenye orodha hiyo, kinachobaki ni cha bei ya juu.

Wanaotumia dawa ya kifua kikuu

Kuna kundi moja linalohitaji tahadhari ya pekee, na ni ajabu jinsi lisivyozungumzwa. Isoniazidi, dawa inayotumika kutibu kifua kikuu na pia kuwakinga watoto na watu wazima walioishi na mgonjwa, huzuia vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuivunja histamini. Mtu anayeimeza anaweza kupata mwasho, joto la uso, maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo kwa kiasi cha histamini ambacho wengine mezani hawatakisikia kabisa.

Katika nyumba ambayo mtoto amewekwa kwenye dawa ya kinga kwa miezi kadhaa, dalili hizi zikitokea baada ya kula jodari au vibua, wazazi huilaumu dawa, au humlaumu samaki, na hatari ni kwamba wanaachisha dawa. Dawa isiachwe. Kinachotakiwa ni kumweleza mhudumu wa kliniki, na kwa kipindi hicho kumpa mtoto samaki wa nyama nyeupe kama changu, au sato, badala ya jamii hizi za mbio. Mwenye pumu naye awe mwangalifu, kwani histamini hubana njia za hewa.

Sokoni na jikoni

Ushauri wa kwanza ni wa saa. Kolekole na vibua ni samaki wa kununuliwa asubuhi, karibu na mnada kadiri inavyowezekana, na kupikwa siku hiyo. Uliza barafu iliwekwa lini, si kama ipo. Samaki aliyelazwa juu ya barafu kidogo huku mgongo ukipigwa na jua hajahifadhiwa. Kwenye nchi za joto kinachopendekezwa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, naye afunikwe. Tazama jicho liwe limejaa na angavu, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Dalili hizi ni nzuri kwa kukataa samaki mbaya. Hazitoshi kumthibitisha mzuri.

Akitolewa matamvua na matumbo mapema, wale bakteria wanapungua sana, kwa hiyo mwombe muuzaji amsafishe papo hapo, mradi apate maji safi na kisu safi. Ukiwa na safari ya saa nzima ya daladala, mfuko mmoja wa barafu ya kuuzwa mtaani uliowekwa ndani ya mfuko wa samaki una thamani kuliko vikolezo vyote vitakavyofuata.

Wasio na friji, ambao ni wengi, hufanya jambo linaloonekana la busara: humkaanga samaki wote mchana na kuwaacha kwenye kabati hadi kesho yake. Kukaanga kunaua bakteria waliokuwepo, lakini samaki aliyepoa hushikwa tena na mikono, nzi na vyombo, na kazi inaanza upya. Afadhali kununua kiasi cha mlo mmoja. Wenye friji nao wana kosa lao: samaki wa barafu hutolewa saa kumi na mbili asubuhi na kuachwa kwenye beseni jikoni hadi jioni ili "ayeyuke vizuri". Saa kumi na mbili kwenye joto la jikoni ni ndefu kuliko zote alizokaa tangu avuliwe. Alale usiku kucha sehemu ya chini ya friji akiwa kwenye bakuli, au ayeyushwe kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya maji baridi kwa muda mfupi kabla ya kupika. Akishayeyuka asirudishwe kugandishwa.

Kolekole mkubwa sana naye ana la kusemwa. Wale wanaokaa kwenye miamba ya matumbawe na kula samaki wengine kwa miaka mingi hujikusanyia zebaki kuliko wadogo. Katika visiwa kama Mauritius na Reunion, baadhi yao hubeba pia sumu nyingine, siguatera, inayotokana na mwani mdogo sana wa miambani na kupanda ngazi kutoka samaki hadi samaki. Hii nayo haiharibiwi na moto, na barafu haihusiki nayo kwa kuwa samaki huwa nayo akiwa bado hai. Mgonjwa husikia ganzi mdomoni na vidoleni, na kitu cha baridi humchoma kama cha moto. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito, kolekole wadogo na vibua ni chaguo bora, na ni nafuu kwa bei. Wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani waliokutana mwaka 2010 kupima faida na hatari za samaki walionya pia kwamba mama mjamzito kuacha samaki kabisa kuna hasara yake kwa ubongo wa mtoto.

Ila wadogo hao nao wasivuliwe wakiwa vitoto. Makinda ya kolekole kadhaa hukulia kwenye milango ya mito na kwenye mikoko, mahali penye maji ya utulivu. Wengine hukua wakijificha chini ya konyeza, yule kiumbe laini anayewasha waogeleaji, na adui hawasogelei. Utafiti wa Hawaii ulionyesha kwamba Caranx ignobilis huanza kuzaa akiwa na urefu wa karibu sentimita 60, baada ya miaka mitatu na nusu hivi. Anayeuzwa kwa mafungu akiwa na urefu wa kidole hajawahi kuzaa hata mara moja.

Kuhusu mtoto anayeanza kula, kuanzia miezi sita, nyama ya kolekole huiva laini na huchambuka vizuri, kwa hiyo inafaa kupondwa na viazi au ndizi bila chumvi. Kabla ya kumpika, ondoa ule msumeno. Lala na kisu kuanzia mkiani, uingize ncha chini ya magamba yale magumu na kukata ukanda mwembamba kuelekea kichwani, pande zote mbili. Ukimkaanga nayo yatakakamaa na kumegeka kwenye nyama, na koo la mtoto haliyatofautishi na mwiba. Mifupa mikubwa ya kolekole hutoka kirahisi akishaiva. Kwa vibua chambua kwa vidole, si kwa kijiko, kwa sababu vidole ndivyo vinavyosikia mwiba mwembamba. Ile nyama nyekundu ya ubavuni yenye mafuta, ambayo wengine huitupa kwa ladha yake nzito, mpe kidogo ikichanganywa na nyeupe, mradi samaki alikuwa mbichi kweli.